Mchakamchaka wa Lawrence Heights

Mama wa Bukavu haanguki kimyakimya. Hutangaza kwanza. "Niko naanguka!" atasema, kwa utulivu wa msomaji wa taarifa ya habari, na kweli, kabla hujageuka, yuko chini kwenye barafu, miguu juu, kofia imejiviringisha mpaka kwenye uzio wa ujenzi. Sisi watu wa Tanga husema "nimeanguka", mambo yakiwa yameshakwisha na msaada hauna kazi tena. Kiswahili cha Kongo kinampa jirani nafasi. Mara mbili nimewahi kumdaka. Ya tatu nilimdaka, tukaenda wote.

Hiyo ya tatu ilikuwa Januari, saa kumi na moja na robo alfajiri, hapa Lawrence Heights, upande wa North York mjini Toronto. Redio ilikuwa imesema nyuzi 14 chini ya sifuri, ila kwa sababu ya upepo mwili utahisi 23. Nchi hii kila siku ina baridi mbili: moja ya kipimajoto na nyingine ya kwako.

Sisi ni wakimbiaji. Nalisema neno hilo kwa sauti ya chini, maana mke wangu yuko chumba cha pili na ana kicheko kikubwa. Tuko wanne. Mimi nina miaka 58 na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Shemeji yangu ana 61, anaendesha teksi usiku. Bwana wa Lamu ana 64, ni mlinzi wa zamu ya usiku. Mama wa Bukavu anasafisha maofisi, na umri wake hatuujui. Aliyemuuliza mara moja hakurudia. Tukikutana alfajiri, wawili husalimia "habari za asubuhi" na wengine hujibu "usiku mwema", kwa sababu wao ndio kwanza wanatoka kazini.

Kundi tumeliita Mchakamchaka. Mtanzania wa rika langu hahitaji kuelezwa: shule ya msingi, umande, miguu mitupu, wimbo mbele, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo ya mpera. Mwalimu wetu alikuwa na silaha nyingine kali zaidi ya fimbo, jina la Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ukizubaa tu, unaulizwa Bayi angezubaa? Nilimaliza darasa la saba nikaapa sitakimbia tena bila kufukuzwa. Nilitimiza kiapo hicho kwa miaka arobaini, mpaka daktari alipotazama karatasi ya vipimo vyangu vya sukari akanyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa.

Siku ya kwanza iliharibika kabla haijaanza. Nilimwomba mwanangu, mzaliwa wa hapa, awatumie wenzangu ujumbe kwenye WhatsApp. Akatazama saa ya ukutani, akaandika: "Tunaanza kesho saa tano asubuhi." Kwake tano ni tano. Mimi nikasimama peke yangu nje ya kituo cha Lawrence West gizani, nikawalaani wenzangu kwa uvivu, nikarudi, nikaenda kazini. Wao wakafika saa tano ya Kiswahili, jua limepanda, wakasimama dakika arobaini wakinilaani mimi. Nilikuwa namwogesha mzee mmoja simu ilipolia mfukoni, sauti ya Bwana wa Lamu ikitoka kwa hasira: "Wewe, ndoo!" yaani "njoo" kwa Kiamu. Mzee wangu akauliza kama kuna moto.

Huyu Bwana wa Lamu ana taabu yake. Akisema anatoka Kenya, Mzungu humtazama miguu. Kazini kwake walimwandikisha kwenye mbio za hisani bila kumuuliza, wakampa namba ya mbele kabisa. Amejaribu kueleza kwamba Kenya ni pana, kwamba wale wa medali wanatoka milimani Bonde la Ufa, na kwamba kwao Lamu mbio zenye heshima ni za punda. Hawakumwelewa. Alikimbia mita mia nne za kwanza kwa ajili ya taifa, akatembea zilizobaki.

Mavazi nayo yalitufundisha kwa viboko. Baridi ya kwanza nilivaa kabati zima: fulana, sweta mbili, koti la kazini, shali ya mke wangu. Baada ya dakika kumi nilikuwa natoka jasho kama mpiga ngoma. Nikasimama kufunga kamba ya raba, jasho likageuka barafu mgongoni. Huku jasho ndilo adui, wala si baridi. Inabidi utoke nyumbani ukitetemeka kidogo, ndipo utaenda sawa. Jambo hilo huwezi kumweleza mke wa Kiswahili anayekutazama ukitoka mlangoni na vazi jepesi.

Shemeji yeye adui wake ni simu. Ile programu ya kuhesabu kilomita humpa furaha ambayo ndoa haijampa. Lakini betri na baridi havipatani: simu inasema asilimia sitini, ghafla inazimika kama jenereta la kukodi. Ilipozimika mara ya kwanza alikuwa amebakiza mita mia mbili kutimiza kilomita nne. Akagoma kuamini kwamba amekimbia, maana "haikuandikwa". Jioni majirani walimwona akizunguka maegesho ya magari na kanzu, anadai kilomita zake. Siku hizi simu anaiweka kwapani, kama kipimajoto cha hospitali, na mkono huo haupungi tena. Kwa mbali utadhani amebeba kuku.

Barabarani manispaa humwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Bwana wa Lamu alipoiona mara ya kwanza aliuliza samaki wako wapi. Chumvi hiyo hula raba, hula pindo za suruali, na baridi ikizidi sana nayo hushindwa kazi. Hapo hubaki dua. Shemeji ana hadithi ya Januari 1999, theluji ilipomzidi nguvu Mel Lastman, meya wa Toronto ambaye kabla yake alikuwa meya wa North York yetu hii, akaita jeshi lije kusaidia. Shemeji alikuwa na wiki moja tu Kanada. Alichungulia dirishani, akaona wanajeshi mtaani, akafunga mlango kwa komeo, akawasha redio kusubiri muziki wa kijeshi.

Aibu yangu kubwa haikutokea barabarani. Ilikuwa kazini. Asubuhi hiyo tulichelewa kwa sababu uzio ulikuwa umehama. Lawrence Heights inabomolewa na kujengwa upya kwa awamu, zile nyumba za tangu miaka ya 1950 zinaondoka moja moja, na njia uliyopita Jumanne, Jumatano ina shimo. Tulizungukazunguka mitaa ya Flemington na Varna kama mbuzi waliokosa zizi. Nikakimbilia basi, nikafika kazini, nikavua koti, nikaingia moja kwa moja kwenye kikao cha kupokezana zamu. Nikakaa dakika ishirini. Niliona wenzangu leo wanapepesa macho sana. Kila niliyemgeukia alifumba macho, akasema samahani. Hawa ni watu wa Kanada, hata ukiwakanyaga wao ndio huomba radhi. Kikao kikaisha, nikaingia chumbani kwa mzee mmoja aliyechimba madini Sudbury maisha yake yote. Akanitazama kwa mapenzi makubwa, akaniuliza lifti ya kushukia mgodini inaondoka saa ngapi. Ndipo nikashika paji la uso. Tochi ya kichwani ilikuwa bado inawaka.

Msomaji atauliza tunakimbia umbali gani. Swali zuri. Mpango ni kilomita sita. Lakini tazama tunapoishi. Barabara ya Allen, inayoupasua mtaa wetu katikati, ilikusudiwa kufika mjini. Mwaka 1971 waziri mkuu wa Ontario, Bill Davis, akaisimamisha, na hadi leo inaishia barabara ya Eglinton kama sentensi iliyokatwa. Kusini kidogo kuna njia nzuri ya wakimbiaji iliyokuwa reli ya Belt Line: treni ya abiria ilianza 1892, ikafa 1894. Treni ya Eglinton ilianza kujengwa 2011, na kwa zaidi ya miaka kumi ndiyo kitu pekee Toronto kilichokwenda polepole kuliko shemeji. Kwa hiyo tunapoishia kilomita ya tatu, tunafuata mila za mahali.

Desemba moja moyo wa kundi ulilegea, nikawaletea habari za Ed Whitlock, mzee wa Milton, magharibi ya Toronto. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni hapa hapa Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, ana 85, akarudi akaimaliza chini ya saa 4. Mazoezi yake, nikawaambia, aliyafanya makaburini, akizunguka njia ile ile kwa saa nyingi, na raba zilizochakaa.

"Huyo alikuwa anazoea mtaa, Papa," alisema Mama wa Bukavu.

Bwana wa Lamu akauliza yuko wapi sasa. Nikasema alifariki Machi 2017.

"Basi waona," akasema, akaketi kwenye benchi la kituo.

Yeye shujaa wake ni Philip Boit, Mkenya aliyeteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, kilomita 10. Boit alifika wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, na mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini akamkumbatia. Bwana wa Lamu ameichukua habari hiyo kuwa sheria. "Mkenya kwenye theluji husubiriwa," anasema, na tunamsubiri kila siku kwenye kona ya Ranee, tunarukaruka ili damu isigande, mpaka anapotokea akitembea, mikono juu. Nikamjibu kwa John Stephen Akhwari wetu, aliyefunga bendeji gotini akamaliza marathoni ya Mexico 1968 wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Saa nzima dhidi ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo Tanzania imeshinda.

Nafasi zipo. Tunaanzia nje ya kituo cha Lawrence West, saa kumi na moja alfajiri, na nasema alfajiri. Njoo na raba zenye meno, glovu, na soksi jozi mbili. Ukimsikia mama mmoja anasema "niko naanguka", sogea pembeni.