Maabara Ibaki Bugarama: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Narendra Raval

Kwako Mheshimiwa Narendra Raval,
Mwenyekiti wa Devki, Nairobi.

Uniwie radhi, Mheshimiwa, kwa kukufikia hadharani. Mtu wa daraja langu hana njia ya kubisha hodi ofisini kwako, na jambo ninalolileta linaigusa wilaya nzima ya Rusizi, Rwanda.

Tangu mwanzoni mwa 2024, CIMERWA, kampuni ya saruji ya hapa kwetu Bugarama, imo mikononi mwako. Sisi tumeishi nayo tangu 1984, na mwaka 2015 tukashuhudia uzinduzi wa kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Wewe uliyejenga viwanda vya chuma na saruji ya Simba huko Kenya huhitaji somo la biashara kutoka kwangu. Naomba tu, kwa unyenyekevu wote, utafiti wa malighafi ya Bugarama ufanywe na watu walioajiriwa Bugarama.

Najua bei inavyobana. Saruji ya Uganda na ya Tanzania inaingia nchini, na mfuko wetu husafiri zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe kabla ya kufika Kigali. Hali ikiwa hivyo, mtafiti anayelipwa kila mwezi bila kutoa hata mfuko mmoja huonekana mzigo. Maabara ya kukodi hulipwa kwa kazi, kazi ikiisha na malipo yameisha. Kwa vipimo vingi huo ni uamuzi wa busara, wala siupingi.

Lakini, kwa idhini yako, ushindani huohuo ndio unaonitia hofu. Maabara inayokuuzia ujuzi leo yaweza kumuuzia mpinzani wako kesho. Tena jibu la nje huhitaji mtu wa ndani wa kulipokea. Mwaka 1983 David Mowery alichapisha uchunguzi kuhusu viwanda vya Marekani vya kati ya 1900 na 1940, na maabara za kukodi kama Arthur D. Little na Battelle. Aliona kwamba maabara hizo hazikuweza kushika nafasi ya watafiti wa kiwandani, na kwamba wenye viwanda wasio na watafiti wao walinufaika nazo kidogo. Mwaka 1989 Wesley Cohen na Daniel Levinthal wakaeleza kwamba utafiti wa ndani huleta ugunduzi, na pia humpa mwenye kiwanda uwezo wa kuelewa yaliyogunduliwa na wengine.

Sasa niruhusu nikuonyeshe ardhi yetu. Chokaa ya Bugarama ni travertini, jiwe lililojengwa na chemchemi za maji ya moto, zile tunazoziita amashyuza, na jiwe la namna hiyo hubadilika tabaka kwa tabaka. Nyiramugengeri, udongo mweusi wa mabondeni unaowaka, hubeba maji mengi au machache kutegemea ulivyokaushwa, ilhali klinka, jiwe la kuchomwa linalosagwa kuwa saruji, inataka joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi lisiloyumba. Bonde lile lile hutoa mpunga. Maganda yake yakichomwa kwa joto lililodhibitiwa, majivu huwa na silika inayoweza kushika nafasi ya sehemu ya klinka. Joto likizidi, silika hugeuka fuwele na kupungua nguvu. Nani atayafuatilia haya masika na kiangazi? Mgeni hupima sampuli aliyoletewa, akaandika ripoti, akaenda zake.

Kuna pia jambo linalonigusa zaidi, Mheshimiwa. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa, watu wakafa Rusizi na Nyamasheke. Saruji iliyochanganywa na majivu mara nyingi hukaza polepole, na fundi mwashi asiyeambiwa hivyo hubandua mbao za zege mapema, jengo likabaki dhaifu. Mtafiti anayeishi Kamembe au Bugarama atamsikia fundi huyo akilalamika, na atajua pa kuanzia.

Kwa hiyo naomba wanakemia wachache wenye ajira ya kudumu, wakae karibu na tanuri. Wao ndio waandike maswali yatakayopelekwa NIRDA, taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, Chuo Kikuu cha Rwanda au Nairobi, na wao ndio wapokee majibu. Kumbukumbu zao zibaki kiwandani. CIMERWA imepita kwa Serikali, ikaenda kwa PPC ya Afrika Kusini, leo iko kwako. Ujuzi ulio kwa mkandarasi huondoka na mkataba wake.

Na siku utakapotuheshimu kwa kuzuru kiwanda, tafadhali uwatengee watu wa maabara saa moja kabla ya kikao cha wakurugenzi, uwaulize ni nini kuhusu jiwe lile wangependa kukijua na hawajapata nafasi ya kukipima.

Wako kwa heshima na utii,
Mkazi wa Kamembe, Rusizi