Bosi, Kadi Imeungua

Karibu kila ofisi yenye swichibodi yake ina chumba kidogo kisicho na dirisha, ambamo mtambo wa simu unaishi na maboksi ya karatasi, mti wa Krismasi wa plastiki na ndoo ya kupigia deki. Taa nyekundu ikiwaka mle ndani, hukumu huwa imeshatoka kabla fundi hajafungua begi: "Bosi, kadi imeungua." Hakuna kauli inayopendwa kama hiyo. Bosi anaipenda kwa kuwa ni fupi, fundi anaipenda kwa kuwa kadi zinauzwa, na dada wa mapokezi anaipenda kwa kuwa angalau sasa wote wanakubali kwamba si yeye anayewakatia watu simu. Mimi nasema mara nyingi kauli hiyo ni kusingizia. Kengele ya hitilafu kwenye mtambo wa simu inamtaja aliyeiona shida, haimtaji aliyeileta. Sisi nasi, kama wale wanaotoka nje usiku wakamkuta jirani anapiga yowe la mwizi, tunamwangukia yeye kwa marungu kwa sababu ndiye tuliyemsikia.

Chukua laini ya E1, ule mkondo wa kilobiti 2,048 kwa sekunde unaoleta njia 30 za maongezi kutoka kampuni ya simu mpaka ofisini. Kadi isipopokea kitu kutoka upande wa pili, inawasha kengele nyekundu. Ikiwa inapokea, ila upande wa pili unalalamika kwamba wao hawapati kitu, inawasha ya njano. Kwa lugha ya nyumbani, nyekundu ni "sikusikii", na njano ni "nakusikia ukisema hunisikii". Hakuna hata moja inayosema "naumwa". Mara nyingi mkosaji yuko njiani: plagi iliyolegea, waya uliobanwa na mguu wa kabati jipya, au kifaa cha kampuni ya simu kilichochomolewa ukutani ili mtu achaji simu yake ya mkononi. Kuna na vituko vya saa. Mitambo miwili ya kidijitali sharti iende kwa mapigo mamoja. Ofisi ikifuata saa yake badala ya ile ya kampuni ya simu, vipande vya data vinarukwa au kurudiwa. Maongezi yanavumilia: msemaji anasikia kidoko sikioni, anaendelea na umbea wake. Faksi haivumilii. Basi mashine ya faksi inalaumiwa, inanunuliwa nyingine, nayo inakwama katikati ya ukurasa, ndipo zamu ya kadi inapowadia.

Waliobuni mitambo hii waliliona jambo hili mapema. Kwenye Definity, mtambo wa AT&T ulioangukia mikononi mwa Lucent mwaka 1996 kisha Avaya mwaka 2000, orodha ya kengele ina safu nyembamba inayobeba herufi moja tu, y au n. Safu hiyo inajibu swali moja: je, hitilafu imo ndani ya kadi hii? Ukiona n, iache kadi ilipo, katafute nje. Mfanya usafi akichomoa simu ya mhasibu ili apitishe dekio chini ya meza, mtambo unaweza kuandika tahadhari ya laini hiyo, na pembeni ukaweka n. Ni ushahidi ulionyooka kuliko mwingi unaotolewa mahakamani. Kengele zenyewe zina madaraja matatu, kubwa, ndogo na tahadhari, na hiyo ya tatu haimsumbui hata mtu wa mapokezi. Lakini kuisoma safu hiyo kunadai nenosiri, na nenosiri aliondoka nalo fundi wa mwaka juzi.

Kwa nini basi tusizime tu tukawasha? Siwezi kukana kwamba kuna siku inasaidia. Ila kuzima kunainyamazisha kengele tu. Kilichoileta kingalipo, na majaribio ambayo mtambo unajifanyia wenyewe usiku wa manane yanakikuta palepale. Tena kuwasha upya kuna balaa lake. Tarehe 15 Januari 1990 swichi moja ya masafa marefu ya AT&T jijini New York ilipata hitilafu ndogo, ikajiweka upya, ikarudi kazini. Majirani zake walipopata habari kwamba imerudi, kasoro katika programu yao ikawaangusha. Nao wakajiweka upya, wakarudi, wakaangusha wengine. Kwa saa zipatazo 9 mamilioni ya simu hazikupita. Ungebadilisha kadi ngapi kabla ya kuukuta mstari wa programu?

Wengine wanachagua njia ya pili, stika nyeusi juu ya taa. Hao nawapeleka Hinsdale, karibu na Chicago, Jumapili ya tarehe 8 Mei 1988, Siku ya Akina Mama huko Marekani. Jengo la mitambo la kampuni ya simu ya Illinois Bell lilishika moto bila mtu ndani. Kengele ilionekana, tena kwenye mji mwingine kabisa, Springfield. Ila zimamoto walichelewa kuitwa. Wateja wapatao 35,000 walibaki bila simu, siku ambayo kila mwana mwema alitaka kumpigia mama yake.

Kwamba siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi najua, ila mgeni hotelini bado ananyanyua mkono wa simu kuomba taulo. Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine: kadi zinakufa kweli. Radi ya Kampala au Kisumu ikipita kwenye waya wa nje wa shaba, kadi inaungua hadi harufu inafika kwa mkurugenzi, na safu yangu ya herufi haina la kusema. Hata hapo, muulize fundi kama waya wa athi umefungwa mahali popote, maana kadi mpya ikipachikwa kwenye tundu lilelile inasubiri tu mvua ijayo.

Na anayedhani nawaonea mafundi afungue droo ya chini, kule zinakolala kadi zilizoandikwa MBOVU kwa kalamu ya wino mzito. Siku duka likikosa kadi mpya na mkurugenzi akiwa mlangoni, fundi anachukua mojawapo, anaifuta vumbi kwa shati, anaipachika, na simu zinaita. Bosi anaambiwa ilikuwa imechoka, imepumzika, sasa imepona. Ankara inabaki ileile.