Lushoto, Saa Kumi na Mbili Kamili

Siku moja rafiki yako atakuambia, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema: "Jumamosi tunapanda Lushoto kwa pikipiki. Saa kumi na mbili kamili tukutane Korogwe." Usikatae. Ila soma kwanza haya, maana barabara ya Mombo kwenda Lushoto haina hila. Ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba iliyobanwa kati ya mwamba na korongo, nayo inajieleza yenyewe kona baada ya kona. Wenye hila ni hao unaopanda nao.

Tuanze na ile saa. "Kamili" maana yake ni kwamba saa kumi na mbili kituo cha mafuta kitakuwa na mtu mmoja, naye ni wewe. Saa moja watatokea wawili. Saa moja na nusu ataingia mwenye CC 650, aliyechelewa kwa kuipangusa. Mtakunywa chai na chapati mkimpigia asiyepokea simu. Wa mwisho ni jamaa wa Boxer, yenye keria nyuma na mpira wa kufungia mizigo. Alikuwa na abiria wa alfajiri wa kupeleka sokoni. Mtamcheka. Mcheke tu, ni sehemu ya safari.

Kofia ngumu vaa, na mkanda ufunge. Ile inayoning'inizwa mkononi hulinda kiwiko.

Mombo kuna joto, na utaona haya kubeba koti. Libebe. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400, na hewa hupoa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Hapo bado hujauhesabu upepo wa mwendo, wala ukungu. Kufika Soni vidole vitakuwa havijui kama vimeshika klachi au vimeshika tawi. Rafiki yako atasikitika kwamba alisahau kukuambia habari ya baridi. Yeye amevaa makoti mawili.

Sasa kona. Kila mtu atakuwa mwalimu wako, na mwenye 650 ndiye mwalimu mkuu, kwa kuwa amejifunza kulala kona kwenye simu. "Lala nayo!" atakupigia kelele. Mfuate, kama una hamu ya kuonja kokoto za Usambara. Vinginevyo, punguza mwendo kabla kona haijaanza, gia iwe imeshashuka, na ukishaingia usiikamate breki kwa pupa. Jicho lipeleke kule kona inakoishia. Ukilikodolea korongo, pikipiki ni chombo kitiifu sana, itakupeleka korongoni. Wala usikate kona kwa kuazima upande wa wenzako, kwani nyuma ya mwamba kuna basi linateremka. Honi unayoisikia si salamu.

Ukikuta matawi mabichi yametandikwa lamini, usidhani anapokelewa waziri. Mbele kuna Fuso limekata roho na shehena ya mboga. Hilo utaliona. Usiloliona ni jiwe: utingo hulitegesha nyuma ya tairi, gari linatengenezwa, linaondoka, na jiwe linabaki palepale konani, likimsubiri mtu aliyeambiwa alale nayo.

Soni mtasimama kwenye maporomoko ya maji, na huko ndiko asubuhi itakakoishia. Mwenye 650 hupigwa picha ameketi, amesimama, na akijifanya hajui kwamba anapigwa picha. Lushoto penyewe, ambapo Wajerumani walipaita Wilhelmstal, mtapaona kupitia dirisha la mgahawa.

Wakati wa kushuka atatokea mchumi wa kundi: "Zima injini, weka frii, okoa mafuta." Mwache atangulie, lakini mbali. Breki za ngoma zikikamatwa mfululizo huchemka na kulegea. Mlima hushukwa kwa gia ndogo, injini ikisaidia kuzuia.

Halafu kuna kabichi. Bei yake itakushawishi ununue tatu, na karoti, na matunda damu ya watoto. Mwenye 650 atanunua nne. Ndipo mtakapogundua kwamba pikipiki zenu nzuri hazina mahali pa kuweka hata kitunguu. Mtageuka wote kwa pamoja kumtazama jamaa wa Boxer, ambaye ameshaanza kukunjua mpira wake.

Mombo mtamkuta ametangulia, kakaa kivulini anatafuna hindi la kuchoma. Kabichi zimepangwa kwa mafungu, kila fungu na mwenyewe. Nauli ni elfu mbili kwa fungu. Ya mwenye 650 ni elfu tano.

"Kwa nini mimi elfu tano?"

"Wewe, bosi, nakutoza kwa CC."