Dohani Ndani ya Dohani

Nyumba yetu hapa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ina dohani ya matofali. Inaanzia chini ya nyumba, inapita sebuleni, inatoboa dari na kuchomoza juu ya paa. Nilipouziwa nyumba, nina hakika na yenyewe ilihesabiwa. Sasa nimenunua jiko la peleti za mbao, la kupasha nyumba joto. Fundi kaja, kachungulia kwa tochi, kasema dohani ni nzima kabisa. Ila jiko linahitaji dohani.

"Na hii je?"

"Hii ni ya kupitishia hiyo nyingine."

Yaani ninunue bomba la chuma cha pua, nilitumbukize ndani ya dohani niliyokwisha kuilipia, litoke kwenye jiko mpaka juu kabisa, kisha nilivishe kofia ili mvua na ndege wasiingie. Tena bomba la inchi 3, ambalo ni nafuu, kwangu halifai. Njia ya moshi ikizidi futi 15, au ikiwa na kona nyingi, lazima liwe la inchi 4. Na nyumba yangu ni ya ghorofa.

Nikabisha. Moshi si moshi tu? Kumbe wa peleti una madeko. Moshi wa magogo ni wa moto sana, hupanda wenyewe bila kubembelezwa. Jiko hili hubakiza joto nyumbani, na ndiyo sifa waliyoniimbia dukani, kwa hiyo moshi wake umekwisha kupungua joto na husukumwa na feni. Ukiuachia kwenye dohani pana yenye baridi, unapoa, unazubaa, unatoa majimaji yanayokula saruji ya matofali, na majivu yanarundikana. Halafu kwa kuwa unasukumwa, kiungo kisipozibwa vizuri unavujia ndani pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, mkiwa mmelala. Hapo nilinyamaza.

Nilinyamaza kidogo tu. Nikapendekeza basi tuliunge jiko kwenye njia ya moshi ya tanuru la mafuta lililomo humu nyumbani. Fundi akanitazama kama mtu aliyetaka kuoa dada wawili kwa mpigo. Hairuhusiwi, kila kifaa na njia yake.

Mama mkwe yuko Tanga, na simu ya video haimfichi kitu. Nikamweleza kwamba peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, mfuko mmoja pauni 40, kama kilo 18, na kwamba kuna parafujo inayozidondosha motoni yenyewe.

"Inazungushwa na nani?"

"Na umeme, mama."

"Na hiyo feni?"

"Umeme."

"Na umeme ukikatika?"

Nikamwambia ukweli: moto unazimika. Na hapa umeme hukatika hasa siku za dhoruba ya theluji, baridi inapokuwa kali.

"Baba, umekwenda mpaka Marekani kununua moto wenye mgao?"

Mke wangu alicheka kuliko ilivyohitajika.

Bomba limewekwa, nimelipa, na hesabu ya bomba pamoja na ufundi imekaribia bei ya jiko lenyewe. Wewe uliyeko huku na unalitamani, dukani usianze na bei ya jiko. Pima kwanza urefu wa dohani yako, uliza bei ya bomba, kisha ndipo uliangalie hilo jiko.