Namna ya Kufika Miritini na Kubaki Papo Hapo

Miritini, mtaa wa Mombasa, imezoea kuaga watu. Reli ya zamani, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ilipita hapa. Barabara kuu ya Nairobi inapita hapa. Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipozindua gari moshi la Madaraka Express, kituo chake cha pwani kikawa hapa, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inaanzia hapa kuwapeleka watu Kwale bila kupanda feri ya Likoni. Kila siku watu wengi mno hukanyaga ardhi ya Miritini, na karibu wote huwa wanatazama saa.

Mwongozo huu ni wa wale wengine: mkazi aliye na siku ya mapumziko, mgeni aliyeachwa na gari moshi, kijana anayengoja kuitwa kazini, mzee aliyestaafu bandarini. Utawafundisha kukaa Miritini bila kwenda popote, hatua kwa hatua. Raha ndogo ndogo zina saa zake, mafundi wake na adabu zake, na hazisomwi kwa siku moja. Zinastahili heshima ile ile tunayoipa kazi, kwa sababu mtaa ambao watu wake wanajua kuketi pamoja ni mtaa unaojijua.

Hatua ya kwanza: Pima upepo kabla ya kuketi

Usiketi ovyo. Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na huandamana na joto. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea hadi miezi ya Septemba na Oktoba, ukileta mvua za masika kisha siku za ubaridi. Benchi lililokufaa Januari laweza kukunyima upepo Julai, hivyo kila msimu ukigeuka, nawe geuza kiti.

Karibu na barabara kuu kuna jambo la pili, nalo ni vumbi la malori. Kaa upande upepo unakotokea, lipeperuke kwenda zake. Baada ya hapo tafuta mti. Kivuli cha asubuhi huangukia magharibi na cha jioni huangukia mashariki, kwa hiyo mwenye ujuzi hafungi ndoa na upande mmoja wa mwembe. Huuzunguka polepole mchana kutwa. Vifaa vinavyohitajika ni kiti cha plastiki au kigogo, leso ya kufutia jasho, na simu iliyonyamazishwa mfukoni.

Hatua ya pili: Subiri hamri litoke karaini

Raha ya asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na sharti lake la kwanza ni kufika mapema. Salimu kabla ya kuagiza.

“Mama, umeamkaje? Nifungie manne na mbaazi.”

“Nimeamka salama, mwanangu. Ngoja haya yaive, yale ya sahani yameshapoa.”

Ukiambiwa ngoja, ngoja, maana hapo ndipo unapopata nafasi ya kutazama ufundi. Unga ulikandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa na kukatwa pembe. Sasa hamri linaingia kwenye mafuta, linazama kidogo, linaibuka. Mama anachota mafuta ya moto kwa upawa na kulimwagia mgongoni mara mbili tatu, nalo linafura mbele ya macho yako. Asipolimwagia, hubaki bapa. Analigeuza upande wa pili, analitoa, analichuja mafuta.

Mbaazi nazo zina hesabu yake. Zililowekwa usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika, zikatiwa kitunguu, pilipili mbichi na tui jepesi. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika.

Namna ya kula: pasua hamri pembeni, uache mvuke wa iliki utoke. Ndani lina uwazi. Jaza mbaazi humo kwa kijiko, ule kabla mchuzi haujalilowesha. Usiile raha hii ukitembea. Mama ameamka alfajiri kwa ajili yako. Nawe mpe dakika kumi za kuketi.

Hatua ya tatu: Soma barabara

Watu husikitikia foleni ya malori ya Miritini, nao wana haki, hasa aliye na mgonjwa garini. Lakini wewe huendi popote. Kwako foleni ile ni darasa la jiografia la Afrika Mashariki, tena la bure, na ukiwa na watoto ni uraibu mzuri wa mchana wa Jumamosi.

Anza na namba za magari. Gari la Tanzania lina herufi T peke yake mwanzoni. La Uganda huanza na U, la Rwanda huanza na R, na la Sudan Kusini hubeba SSD. Kisha mfundishe mtoto siri ambayo watu wazima wengi hawajaigundua: lori la Kenya lina kichwa chenye namba inayoanza na K, lakini trela linalovutwa lina namba yake mwenyewe, inayoanza na Z. Kwa hiyo mbele na nyuma hazifanani. Mtoto akishalijua hilo, hatapita tena lori bila kuligeukia.

Sasa cheza mchezo wenyewe. Kila mmoja achague lori na kulitajia njia litakayopita: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, Kampala, na kwa yale ya mbali, Kigali au Goma. Anayeruka mji amepoteza zamu. Mtu akiuzoea mchezo huu huanza kuuona mtaa wake kwa jicho jingine, kwa kuwa unga, mafuta na vyuma vya mamilioni ya watu bara vinapita mbele ya benchi lake. Na dereva akishusha kioo, mpungie mkono. Safari yake ni ya siku kadhaa, na salamu ni kitu kidogo kumpa mtu.

Hatua ya nne: Jifunze kutazama bao kabla ya kulicheza

Palipo na wazee wa bao, karibia kwa adabu.

“Salaam aleikum, wazee wangu.”

“Waaleikum salaam. Karibu, mwanangu, keti pale.”

“Pale” huwa ni pembeni, na ndipo mahali pako kwa muda mrefu ujao. Bao lina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete 64 za komwe. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi. Kati ya zile kumi, sita hulala ndani ya nyumba, lile shimo kubwa la safu ya mbele, ambalo mchezaji hulilinda kwa roho yake. Kipindi cha kwanza ni namua: unaingiza kete moja moja kutoka mkononi, ukila unapoweza na kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, usipoweza. Kete za mkononi zikiisha mnaingia kipindi cha mtaji, na hapo ndipo wenye akili hujulikana. Aliyemalizwa safu ya mbele amefungwa.

Hayo unaweza kuyaelewa kwa alasiri moja. Kilichobaki ni mkono. Tazama vidole vya mzee aliyecheza tangu utotoni: anazoa kete bila kuzihesabu, anaziangusha shimo hata shimo kwa mlio mmoja, anafika mwisho wa safu, anazoa tena, anapinda kona, na mkono unasimama pale pale alipokusudia. Mzunguko wote huo aliuona kichwani kabla hajagusa ubao. Ni hesabu ngumu, tena bila karatasi, na inafanywa chini ya mwembe na mtu ambaye labda hakumaliza darasa la nne. Hatujaitukuza vya kutosha.

Kanuni za mtazamaji ni tatu. Usimfundishe mchezaji. Usimcheke aliyefungwa mpaka yeye mwenyewe acheke. Usiweke pesa; kamari ikiingia barazani, mazungumzo hutoka. Usipopata bao utapata drafti, ubao wa miraba 64 na vifuniko vya soda, vya mmoja vikiangalia juu na vya mwenzake chini. Kanuni ni zile zile.

Hatua ya tano: Nenda horini maji yakipwa

Wageni wakitaka bahari hukimbilia fukwe za Nyali na Diani. Wewe shuka upande wa hori ya Mwache, kwenye mikoko. Ila usiende bila kujua maji, na kujua maji hakuhitaji simu. Tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: kwetu maji hujaa sana kwenye saa kumi na kupwa sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Mwenye hesabu hii kichwani ana kalenda ya bahari maisha yake yote.

Ukifika kwenye tope, simama kimya. Mwanzo hutaona kitu, kwa kuwa waliokuwa nje wamejitosa mashimoni waliposikia nyayo. Baada ya dakika chache watatoka: kaa wadogo, na kila dume ana gando moja kubwa kupita kiasi na moja dogo. Lile dogo huchota tope na kulipeleka kinywani; kaa huchuja chakula na kuacha vidonge vya tope vilivyotapakaa kuzunguka shimo lake. Lile kubwa halimlishi. Hulipunga juu na chini kuwaita majike na kuwaonya madume wenzake, na uwanja mzima ukishaanza kupunga kwa pamoja utasahau uliacha nini nyumbani.

Jifunze pia miti, angalau minne: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia topeni, mkandaa, na mlilana unaokaa mbele kabisa majini. Hori hii imeonja misukosuko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno na kuua mikoko mingi ya Mwache. Mtu anayekuja kuwatazama kaa ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona mti uliokatwa jana, na ndiyo maana uraibu huu una faida kuliko unavyoonekana. Rudi na macho yako tu. Taka ulizoziona njiani, ziokote.

Hatua ya sita: Nywa kahawa, usikilize gari moshi likiondoka

Usiku ni wa kahawa tungu. Muuza kahawa utamsikia kabla hujamwona, vikombe vikigongana mkononi na dele likifuka juu ya makaa. Kikombe ni kidogo kwa makusudi: hunywi kukata kiu. Kunywa kidogo, ung'ate kashata ya nazi, unywe tena. Kikombe cha pili huletwa na habari ya pili, na anayelipia wenzake halitangazi hilo.

Kwa ratiba ya miaka ya karibuni, gari moshi la abiria huondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Lile la saa nne ndilo lako. Mngurumo utaanza mbali, nyinyi mtanyamaza bila kuambizana, na mtu mmoja atasema, “Hilo limetoka.” Mbele yake kuna kilomita zipatazo 470. Waombee safari njema. Likipita la mizigo, watoto na wahesabu mabehewa, na wakibishana idadi, mzee kuliko wote ndiye mwamuzi. Yote haya yafanyike mbali na reli. Hakuna behewa linalohesabika vizuri zaidi kwa kusogelewa.

Hatua ya saba: Jibu maswali

Utaulizwa, “Wewe huna kazi?” Jibu kwa upole kwamba unayo, na kwamba umepumzika ili uiweze kesho. Miritini imejaa watu wa zamu: wapakiaji, walinzi, makuli wa maghala ya makontena, madereva. Mwili unaobeba magunia siku sita unadai haki yake siku ya saba.

Utaulizwa pia faida ya kuketi nje. Jibu liko wazi kwa kila aliyewahi kuketi. Walio barazani ndio wanaojua kwamba Mzee wa nyumba ya tatu hajaonekana tangu juzi, wakaenda kumbishia hodi. Ndio wanaomrudisha mtoto aliyepotea kwa mama yake, na ndio wanaomuuliza mgeni wa usiku anamtafuta nani. Kazi hiyo hailipwi na mtu yeyote, na hufanyika vizuri pale tu watu wanapofurahia kuwepo.

Hatua ya mwisho: Panda kivuli

Raha zote hizi zinadai mahali. Kila barabara inapopanuliwa na kila kiwanja kinapogeuzwa maegesho ya malori, mwembe mmoja huanguka na baraza moja hutawanyika, na wazee wa bao hujikuta kila mmoja ndani kwake na televisheni yake. Anayepima barabara apime na kivuli. Wawakilishi wetu tuwaulize kuhusu miti na mabenchi kwa sauti ile ile tunayowaulizia lami na maji.

Lakini usingoje wao. Chukua mche wa mwarobaini, mti unaostahimili jua na udongo wetu. Uupande masika yakianza, hatua kadhaa kutoka ukutani, uuzungushie miba mbuzi wasiutafune, uunyweshee maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi. Miaka michache tu, na utatosha kiti kimoja. Ukizidi kukua utatosha ubao wa bao, wachezaji wawili, na watazamaji wote wanaojua kunyamaza.