Barua ya Wazi kwa COSOTA: Naomba Kibali cha Kumfungia Simba Spika

Kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania,

Waheshimiwa, salamu kutoka Makambako. Baridi ipo, malori ya Tunduma yapo, mabasi ya Songea yapo. Kwanza niwapongeze. Januari 2022 mligawa zaidi ya shilingi milioni 300 za mirabaha kwa wanamuziki, nasi wachoraji tukapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Ndiyo kazi tuliyoachiwa siku ile.

Sasa naomba ushauri wa kitaalamu. Basi likisimama hapa njia panda, muziki unaopigwa ndani una ada yake. Simba aliyechorwa ubavuni, ambaye ndiye anayemvuta abiria, hana anayemuulizia. Nadhani nimeliona kosa: simba wangu hangurumi. Je, nikimfungia spika?

Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 haina ubaya. Inataja michoro, sanamu na picha za kamera sambamba na nyimbo, na humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam mwaka 1972. Miaka 50 yake ikatimia 2022, mwaka uleule wa makofi. Huyo hawadai tena, hongereni. (Mtindo wake wa uchoraji hauna hakimiliki, nalijua hilo, nasema picha alizochora kwa mkono wake.)

Mimi, samahani kwa usumbufu, bado niko hai. Nyumba moja ya wageni mjini Njombe, jina nalihifadhi, ilinunua picha yangu ya mama akichuma chai Kibena. Baadaye nikamkuta mama yuleyule kwenye kalenda, kwenye fulana za wahudumu na kwenye bango la barabarani. Aliyeprinti alikata kona yenye sahihi yangu, akaondoka na nusu ya kikapu cha chai. Nilipouliza, meneja alishangaa kweli: "Si tulishakulipa?" Walilipia, tena bila kukopa, picha moja ya kutundika sebuleni. Haki ya kuichapa sikumuuzia mtu. Meneja si mjinga wala mwizi wa kuvunja milango. Leseni ya muziki ameiweka kwenye fremu, imening'inia chini ya picha yangu.

Ufaransa tangu 1920 mchoraji hupata fungu lake hata picha yake inapouzwa tena. Huko sifiki, mimi naulizia kalenda tu.

Marekebisho ya sheria ya 2022 yamefungua mlango wa vyama vya kukusanya mirabaha. Tusaidieni wachoraji wa Njombe na Makambako tuwe na chetu. Tangazeni ada ya fulana, kalenda na mabango hadi meneja aijue kama anavyoijua ile ya redio. Na mkaguzi akija kukagua redio hiyo, ainue macho ukutani, aulize: picha hii ni ya nani, na nani kalipwa?

Wenu,
Mchora mabango, Makambako