Godoro Langu na Dau la Marehemu

Kuku wetu walikuwa wakitagia ndani ya dau. Tangu baba mkwe afariki, miaka 6 sasa, lilikuwa limelala chini ya mkungu nyuma ya nyumba, omo imeelekea mtoni, na kila asubuhi mwanangu wa mwisho alipanda humo kuokota mayai. Nilikuwa naanika kanga ubavuni mwake siku mume wangu aliponiambia, "Nataka nilirudishe majini." Nikamwitikia vizuri. Sikujua kwamba dau hilo litapita kwanza chumbani kwangu.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa chombo cha watu. Anayeujua mgawo wa samaki hapa Pangani atanielewa. Wakirudi pwani huondolewa gharama kwanza, mafuta na barafu, kisha kinachobaki hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mwisho ndipo mabaharia wagawane. Mwenye chombo aliyelala kwake usiku kucha anachukua kabla ya yule aliyelowa hadi mifupani. Nimepokea mafungu hayo kwa miaka mingi, yamefungwa kwenye kipande cha mfuko, na nyakati nyingine mfuko wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko samaki. Dau lilikuwa letu, limelala bure, na mayai hayalipi ada ya shule.

Tukamwita fundi, mzee wa upande wa Bweni. Alivuka na pantoni ya asubuhi, tezo begani, akalizunguka dau bila kusema neno. Akatoa kisu akawa anachoma mbao moja baada ya nyingine. Kisu kikigoma, anapita. Kikizama, anapiga alama ya chaki. Dau lina futi 18, mbao zake mvule, mataruma yake matawi yaliyojipinda yenyewe mtini. Alipomaliza kulikuwa na alama kwenye mbao 3 za chini na mataruma 2, na kutu ya misumari ilikuwa imechora mistari myeusi kama wanja uliotoka na machozi.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "hili bahari haikuliharibu. Limekufa kwa kiu."

Akatuonyesha. Kati ya ubao na ubao mwanga ulikuwa ukipita. Ungeweza kuingiza ncha ya kidole. Mbao za chombo hukaa zimevimba kwa maji, ndiyo maana zinabanana. Liweke juani misimu ya kaskazi 6 mfululizo, kila ubao unajikunyata kivyake.

Mbuzi wetu wawili waliondoka wiki ile ile, zikaja mbao. Baada ya hapo dau likaingia jikoni. Kalafati ni pamba iliyoloweshwa mafuta ya nazi, na mafuta ya kutosha chombo kizima hayanunuliwi dukani kwa chupa. Mimi na mama mkwe tulikuna nazi 40 kwa siku mbili. Tui tukalipika kwa moto mdogo. Mwanzo linatokota jeupe na zito kama uji, unakoroga tu na kungoja; halafu ghafla linakatika, chini mashapo yanageuka kahawia na juu mafuta yanatulia, maangavu, unaona uso wako. Kwa muda wa wiki mbili hivi hatukula mchuzi wa nazi. Kisha ikaletwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ya kupaka mbao zisipasuke. Anayeijua harufu ya sifa hahitaji kuelezwa. Iliingia kwenye kanga, kwenye mto wa mtoto, kwenye wali.

Lakini nilipenda kumtazama fundi akipiga kalafati, na mpaka leo nikifumba macho naisikia. Pamba anaisokota iwe uzi mnene, anaichovya, anailaza kwenye mwanya, kisha patasi butu na nyundo. Mwanzo mlio ni mzito, kama unapiga gunia. Unavyojaa mwanya, mlio unapanda, mpaka unalia mkavu kama unapiga ubao mzima. Hapo anasogea. Hakuwa akitazama sana, alikuwa akisikiliza. Hata misumari aliivisha uzi wa pamba shingoni kabla ya kuipigilia, maji yasipite pale pale penye chuma.

Alimaliza ubavu wa kulia na nusu ya kushoto, kisha akaitwa Tanga kwa kazi kubwa zaidi. Akamwachia mume wangu patasi na pamba iliyobaki, akasema atarudi. Mimi nikavuka Bweni kwenye msiba wa shangazi yangu, nikakaa siku 3.

Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kupita kawaida. Nikakaa. Nikazama mpaka kwenye besela.

Lile godoro alinitengenezea mama yangu nilipoolewa. Alikusanya sufi misimu miwili chini ya misufi, akatoa mbegu kwa mkono, moja moja, jioni baada ya kazi zake zote. Nikageuza godoro nikakuta limechanwa ubavuni na kushonwa tena kwa uzi wa nyavu, ile mishono mirefu ya mvuvi. Ndani, karibu nusu haipo.

"Pamba ilikwisha," mume wangu alisema. "Bamvua liko keshokutwa. Nitakujazia."

Sikumjibu. Nilichukua mkeka nikalala na watoto. Mama mkwe aliniuliza asubuhi kama naumwa, nikasema ni uchovu wa msiba. Nilifundishwa kwamba ya chumbani hubaki chumbani, nami nililishika fundisho hilo hata pale ambapo neno langu moja lingetuokoa. Maana mama mkwe ni mke na binti wa wavuvi. Angelisikia neno sufi, dau lisingesogea hata hatua.

Likapakwa deheni chini, shahamu ya ng'ombe iliyochemshwa pamoja na chokaa, ambayo wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaipendi. Likawa jeupe, zuri kweli. Maji ya bamvua yalipojaa wanaume 20 wakaliteleza juu ya magogo, tukachoma ubani, ikasomwa dua, na nikapika wali wa watu wote huku moyo umefunga. Dau likaelea. Lilivuja, lakini kila chombo kikavu huvuja siku ya kwanza, kila mtu alijua. Mume wangu akafua maji hadi saa tano usiku, akaona yamepungua, akaja kulala.

Alfajiri tulilikuta limezama hadi ukingoni, limelalia ubavu wa kushoto. Juu ya maji, kuanzia dau hadi kwenye mikoko, kulikuwa na vishungi vyeupe vinaelea. Vilikuwa vikavu. Nilikiokota kimoja, nikakibonyeza, hakikutoa tone.

Mama mkwe alisimama maji yakimfika magotini. "Nani katia sufi?"

Mume wangu akaangalia chini. Nikasema mimi. "Ni godoro langu, mama."

Hakugomba. Alikichukua kile kishungi mkononi mwangu. "Pamba inakunywa, inavimba, inaziba. Sufi haina kiu. Zamani walikuwa wakijazia maboya ya kuokolea watu." Kisha akamgeukia mwanawe na kusema kwa sauti ya chini, ile ninayoiogopa kuliko kelele: "Godoro la mwenzio kwanza. Chombo baadaye."

Maji yalipotoka tukalivuta. Jioni ile shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akapiga simu ya video kutoka Michigan. Habari zilikwisha mfikia, sijui kwa nani. Naye ana chombo chake cha kuvulia, cha alumini, futi 14, alikinunua kikiwa kikuukuu na kikivuja kwenye riveti. Alitugeuzia simu tukakiona nyuma ya nyumba yake, kimefunikwa kifudifudi. Hukaa hivyo majira yote ya baridi, theluji juu, na alumini haijali. Haina cha kukauka. Lakini na yeye kilimtesa. Mbao ya nyuma, inayobeba mashine, ilikuwa imeoza, akaweka mpya iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa ile ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, huila. Baada ya muda alikuta vitundu chini ya mbao aliyoiweka kwa nia njema. Mume wangu alimsikiliza kimya sana.

"Kaka, usitafute tundu kutoka nje," shemeji akasema. "Mimi nilijaza maji ndani, nikazunguka na chaki. Kila riveti iliyolia nikaizungushia duara, nikaigonga upya."

Fundi, aliporudi na kuelezwa, alifikiri kidogo. Akakubali, ila maji yasizidi shibiri moja, kwa sababu uzito wa maji ndani ya chombo kilicho nchi kavu unaweza kufungua hata maungio mazima. Watoto wakateka ndoo kwa ndoo. Tukalala kifudifudi mchangani tukitazama chini ya dau, na tone la kwanza lilipojitunga, likaning'inia, likaanguka, mwanangu wa mwisho akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Tulihesabu maduara 11. Yote kushoto.

Kwenda Tanga kununua pamba nilikwenda mwenyewe. Sikutaka tena mtu wa kuniambia imekwisha. Nilirudi na magunia mawili juu ya basi: moja la godoro, moja la dau. Mume wangu akanijazia godoro la kwangu kwanza, kama alivyoagizwa, akalishona kwa mishono midogo, jioni mbili, mama yake ameketi mlangoni. Sufi iliyobaki ya mama yangu niliitia kwenye mito ya watoto. Kisha tukakaa barazani mimi na yeye tukasokota pamba ya kalafati, na hapo ndipo aliponiomba radhi, macho yakiwa kwenye uzi. Nilimwambia na mimi nilinyamaza nilipopaswa kusema.

Fundi akachokoa sufi yote kwa kulabu, akapiga upya. Mbao za ndani tulizifunika magunia yaliyolowa, nikawa nayamwagia maji asubuhi na jioni kama mtu anayetunza mche. Kwa jicho unaweza usione, lakini nilipopitisha kucha kwenye maungio niliona tofauti: ilianza kukwama, kisha ikawa inateleza.

Bamvua la pili lilikuja baada ya wiki mbili. Watu walikuwa wachache, hatukupika wali. Dau likashuka, likavuja kama zamani. Usiku wa kwanza mume wangu aliamka mara nne kwenda kufua maji; nilikuwa nikisikia mlango, kisha hatua zake zikipotea kwenye mchanga. Usiku wa pili aliamka mara mbili. Wa tatu, mara moja, saa nane, akarudi upesi miguu yake ikiwa mikavu.

Usiku wa nne adhana ya alfajiri ilinikuta macho, naye yuko pembeni yangu, amelala.